Nusu Saa Juu ya Farasi, Ufuo wa Kaskazini, Mombasa

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya kupandisha watu farasi kwenye ufuo ulioko kati ya Nyali na Bamburi, ambayo tuliitumia Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, mimi na mtoto wa kaka yangu mwenye umri wa miaka tisa. Jina la mwenye farasi sitalitaja, kwa kuwa suala lake limeshafikishwa kwa wanaohusika, na pia kwa kuwa ninayoyaeleza yanaweza kumsaidia msomaji kupima huduma yoyote ya aina hii, hata asipoijua hii yenyewe. Kwa ufupi, bei yake ni nafuu, kijana anayeshika hatamu ana adabu na ni mwangalifu kwa watoto, na farasi wenyewe walikuwa katika hali ambayo, lau ningeiona kabla ya kutoa pesa, nisingetoa.

Tulilipa shilingi 800 kwa nusu saa. Njia yao huanzia kwenye kivuli cha mivinje, hufuata mchanga ulioshikana pale maji yanapokuwa yamekupwa, hufika kwenye mawe na kurudi. Kofia ngumu ya kumkinga mtoto kichwa haikuwapo. Nilipoiuliza niliambiwa kwamba farasi ni mpole. Na kweli alikuwa mpole, ingawa baadaye nilielewa kuwa upole ule ulikuwa uchovu.

Walikuwapo watatu, na sisi tulipewa dume mwekundu aitwaye Sultani. Kijana alimnyanyua mtoto, akamwekea miguu kwenye vikuku vya tandiko, akashika hatamu na kutembea kando yake, nami nikifuata nyuma kwa miguu. Kabla hatujafika kwenye mawe nilianza kuona kwamba kila mtoto alipojiweka sawa juu ya tandiko, farasi alikuwa akiubonyeza mgongo wake chini na kuyalaza masikio nyuma, kama mtu anayekwepa kuguswa jeraha. Mtoto ndiye aliyesema kwanza.

"Shangazi, anatetemeka."

Nilimwomba kijana amshushe mtoto na alilegeze tandiko ili tuone. Aliniangalia, akaangalia upande wa mivinje, akasema, "Mama, hana kitu, ni jasho tu. Tajiri hapendi tandiko lifunguliwe kabla ya jioni." Nilimwambia kwamba nusu saa yangu ilikuwa bado haijaisha, na kwamba muda uliobaki nilitaka niutumie kwa kuangalia mgongo. Akalegeza mkanda wa tumboni. Chini ya tandiko palikuwa na taulo lililochakaa, na chini ya taulo palikuwa na gunia lililokunjwa mara mbili, nalo gunia lilikuwa limegandana na ngozi, hata alipolivuta polepole liliondoka pamoja na manyoya na ute wa manjano. Pale shingo inapoungana na mgongo, kwenye ile nundu ya mfupa, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, kando zake zimekauka na kuwa ngumu, katikati yake pabichi. Inzi walifika kabla hata gunia halijashushwa chini.

Kidonda cha namna hiyo si cha asubuhi moja. Hutokea pale tandiko lisilomfaa farasi linapokandamiza mfupa badala ya kulala juu ya misuli ya pande mbili za uti wa mgongo, na ufuoni hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu jasho, chumvi na mchanga vikiingia chini ya nguo ya tandiko husugua kama msasa. Kando zilizokauka zilionyesha kwamba mnyama huyu alikuwa akitandikwa juu ya kidonda kwa wiki kadhaa, na kwamba kila siku asubuhi kuna mtu aliyekiona na kukifunika.

Nikishaanza kutazama, sikuweza kuacha. Mbavu zake nilizihesabu bila kumgusa, na mifupa ya nyonga ilikuwa imechomoza kama vibanio vya nguo. Wataalamu wa farasi hutumia kipimo kilichotungwa mwaka 1983 katika chuo kikuu cha Texas A&M, chenye ngazi 1 hadi 9, ambapo farasi wa ngazi ya 5 mbavu zake huhisika kwa kupapasa lakini hazionekani kwa macho. Sihitaji kuwa mtaalamu ili niseme kwamba Sultani alikuwa mbali chini ya hapo. Wale tuliosoma chuo cha Kurani utotoni tunakijua kisa cha Mtume kupita kwa ngamia ambaye mgongo wake ulikuwa umekaribia kushikana na tumbo, naye akawataka watu wamche Mungu kwa ajili ya wanyama hawa wasioweza kusema, wawapande wakiwa wazima. Nilikikumbuka kisa hicho pale pale, nikaona haya kwamba nilikuwa nimelipa kwanza na kutazama baadaye.

Kuhusu maji, ndoo niliyoiona chini ya mvinje ilikuwa ya lita 20, na ilikuwa ya farasi wote watatu. Farasi mmoja anayefanya kazi kwenye joto kama la kaskazi yetu huweza kunywa lita 40 kwa siku au zaidi. Nilimbana ngozi ya shingo kwa vidole viwili na kuiachia: kwa mnyama aliyekunywa vya kutosha ngozi hurudi mara moja, na yake ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Majani yao yalikuwa yamemwagwa juu ya mchanga mtupu, jambo ambalo pengine mwenye mali analiona dogo, lakini farasi anayekula juu ya mchanga humeza mchanga, mchanga hukaa tumboni, na farasi hana uwezo wa kutapika. Msokoto wa tumbo unaotokana na hali hiyo huua. Kwato sitazizungumzia sana. Zinatakiwa kupunguzwa kila baada ya wiki sita hadi nane hivi, na zake zilikuwa zimepasuka na kupinda mbele kama viatu vilivyokanyagwa visigino.

Nilimwomba kijana anipigie simu kwa tajiri wake. Kwa haki lazima niseme kwamba yule bwana hakunitukana. Alinieleza kuwa nyasi kavu hutoka bara na bei yake hupanda kila ukame unapoingia, kwamba daktari wa mifugo anayejua farasi si rahisi kumpata Mombasa, na kwamba msimu wa wageni ni mfupi. Mawili ya kwanza nayakubali. La tatu lilinishangaza, kwa sababu msimu ukiwa mfupi ndipo mtu angetarajiwa kumtunza yule anayemletea riziki. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, hapa farasi alikuwa akichuma juani, na mlaji wa kivulini alikuwa mtu mwingine, ambaye alimalizia mazungumzo kwa kuniambia, "Dada, kama hutaki kupanda, usipande."

Sikupanda, ila niliripoti, na sehemu hii ya huduma, yaani ile tunayodaiwa na serikali, nayo inastahili tathmini. Ofisi ya kwanza niliyoiendea ilinipokea kwa kicheko: "Mama, hii ni kesi ya farasi?" Nilijibu kwamba ndiyo, ni kesi ya farasi. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, ambayo inalifanya kuwa kosa kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi, au kumtumia kazini akiwa na kidonda kinachomfanya asifae kwa kazi hiyo. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka shughuli za udhibiti na ustawi wa wanyama mikononi mwa kaunti, kwa hiyo hakuna ofisi ya Mombasa inayoweza kusema kuwa jambo hili ni la Nairobi. Ofisi ya pili, ambayo siku hiyo ilikuwa na afisa wa mifugo mwenye subira, ilichukua picha zangu, ikaandika maelezo, na baada ya siku nne afisa huyo alikwenda ufuoni mwenyewe.

Kilichofuata ndicho kilichonifunza zaidi kuliko safari yenyewe. Mwenye farasi alifika akiwa ameandaa mkosaji: yule kijana. Alidai kwamba kijana ndiye anayetandika na kulisha, na kwamba yeye hukaa mjini na hakuwa na habari. Maneno hayo yana uzito mbele ya watu wasioijua sheria, na ndiyo maana kesi nyingi za namna hii huishia kwa mfanyakazi mdogo kufukuzwa na mnyama kubaki mikononi mwa mtu yule yule. Lakini sheria imelitazama jambo hili: mwenye mnyama huhesabiwa kuwa ameruhusu ukatili pale anaposhindwa kumwangalia na kumsimamia mnyama wake kwa uangalifu unaotarajiwa. Afisa alimsomea kifungu hicho taratibu, mbele ya kijana, na kwa mara ya kwanza niliona uso wa tajiri ukibadilika.

Hata hivyo, mahakamani hatukufika. Sultani aliamriwa kupumzishwa, akapelekwa shambani kwa mtu anayefuga, matibabu yakiwa kwa gharama ya mwenye farasi, na wale wawili wengine wakapewa muda wa kutafutiwa matandiko yanayowafaa. Niliuliza kwa nini asishtakiwe. Jibu nililopewa lilikuwa hesabu. Faini ya juu kabisa kwa kosa la ukatili chini ya sheria hiyo, ambayo ni ya miaka ya 60, ni shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Shilingi 3,000 hazifikii hata nauli ya watoto wanne kwa nusu saa kwenye mgongo ule ule wenye kidonda. Kabla ya saa sita mchana ameshazirudisha. Sikubaliani na uamuzi wa kutomshtaki, kwani kifungo kipo kwenye sheria na mahakama inaweza pia kumnyang'anya mtu mnyama aliyemtesa, lakini naelewa afisa mmoja anapopima muda wake alionao.

Anayefikiri kwamba pwani hatuwezi kufanya zaidi ya hapo aitazame Lamu, ambako The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza, lilifungua kituo mwaka 1987, na punda wa mji ule, wanaobeba mawe na saruji vichochoroni, wana mahali pa kutibiwa. 

Kwa ajili ya kulinganisha, mwezi wa Aprili nilimpeleka mtoto kwenye kituo kingine, upande wa Nyali, kinachotoza shilingi 2,500 kwa muda ule ule. Jambo la kwanza walilofanya ni kutupima uzito kwenye mizani. Kanuni yao ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi moja ya sita ya uzito wa farasi, ambayo ni kali kuliko ile ya moja ya tano inayotumiwa na wengi, na msichana mwenye daftari aliniambia kwa upole, "Bi, samahani, wewe utatembea naye." Nilicheka, nikatembea. Tandiko lililetwa mbele yetu na mgongo tukauona mtupu, mkavu, usio na alama; majani yalikuwa ndani ya hori; na saa nne na nusu asubuhi walifunga, wakakataa pesa za familia iliyofika saa tano, kwa sababu ya jua. Malalamiko yangu kwao ni kwamba choo chao hakina maji na kwamba hawapokei simu. Kwa yote mengine nitarudi.

Ufuoni kwa yule wa kwanza nilipita tena mwezi wa Agosti, kusi ikivuma na wageni wakiwa wachache. Sultani alikuwa amerudi, amefungwa kivulini bila tandiko, mbavu zake hazihesabiki tena, na pale kwenye nundu manyoya yalikuwa yameota meupe, kama yanavyoota mara nyingi palipokuwa na kidonda cha tandiko, alama ambayo hataipoteza. Ndoo zilikuwa tatu. Bado mchanga ulikuwa ule ule na majani yalikuwa bado chini, jambo nililomwambia kijana naye akasema ameshalifikisha. Wakati huo mama mmoja na binti zake wawili walikuwa wakisimama kando ya jike la kahawia, wakiuliza bei. Kijana aliwatajia bei, ambayo sasa ni shilingi 1,200, kisha kabla hawajafungua mikoba, na bila ya mimi kusema neno, akalegeza mkanda, akainua nguo ya tandiko, na kuwaonyesha mgongo.