Mchana au jioni? Kabla ya kulipa ada, uliza kipindi kimekatwa vipande vingapi

Dada mmoja ameniandikia wiki hii. Amepata nafasi chuo kikuu, kozi ileile inafundishwa mchana na inafundishwa jioni, cheti ni kimoja, ada zinakaribiana. Yeye ni mwajiriwa. "Dada, nichague ipi? Lakini usiniambie inategemea."

Sitamwambia inategemea. Swali hili niliwahi kulijibu vibaya kwa pesa yangu mwenyewe, na hasara yake niliibeba mwaka mzima.

Nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja. Nikachukua masomo ya jioni, na mojawapo lilikuwa takwimu: kila Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, wiki 15. Pale dirishani kwa udahili nilihakikishiwa kwamba sitakosa kazi hata siku moja, na kweli sikukosa. Jambo ambalo halikutajwa ni kwamba takwimu yote ya wiki nzima italetwa kwa mkupuo mmoja, saa tatu mfululizo, kisha basi mpaka Alhamisi nyingine. Wiki ya nne kazini kulikuwa na kufunga hesabu za mwezi, nikazuiwa. Nilikosa jioni moja. Jioni hiyo mada ya uwezekano ilianza na ikaisha. Alhamisi iliyofuata mhadhiri alijenga juu yake, na mimi nikakaa saa tatu nikinakili alama nisizozijua. Muhula ukaisha kwa sapu, yaani mtihani wa kurudia, sapu nayo nikaanguka, nikarudia somo na kulilipia tena.

Daftari lile bado ninalo. Ukurasa wa kwanza wa kila Alhamisi una tarehe, kichwa cha mada kimepigiwa mstari kwa rula, mifano imepewa namba. Ukurasa wa tatu rula imeshaachwa. Ukurasa wa tano, ambao najua uliandikwa baada ya saa mbili na nusu usiku, herufi zinateremka nje ya mstari, na kuna mahali sentensi imekatika katikati ya neno na chini yake imeanza sentensi nyingine isiyohusiana nayo. Nimefungua kurasa za Alhamisi zote 14 nilizohudhuria nikazilinganisha. Zote ziko hivyo.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitagusa ada, umbali, usalama wa kurudi usiku wala jina la chuo. Hayo unayajua, na ndugu na marafiki wameshakueleza. Nitapanga chaguo zote kwa kigezo kimoja ambacho sijamsikia mtu akikiuliza dirishani: saa za somo zimekatwa vipande vingapi kwa wiki?

Chukua somo la saa 45 kwa muhula wa wiki 15. Mwanafunzi wa mchana mara nyingi hupewa saa moja mara tatu kwa wiki, vipindi 45. Wa jioni hupewa saa tatu mara moja, vipindi 15. Kwenye karatasi ni sawasawa kabisa, na ndiyo maana chuo kinakwambia kwa moyo mweupe kwamba masomo ni yaleyale. Lakini homa ya siku moja inamla mwenzako wa mchana saa moja, pengine isimle kabisa ikiangukia siku isiyo na kipindi. Wewe ikiangukia Alhamisi inakula wiki nzima. Na ikiwa chuo chako kinadai mahudhurio ya asilimia 75 ndipo uruhusiwe kufanya mtihani, una nafasi ya kukosa mara tatu tu. Ya nne inakushusha hadi asilimia 73. Mtu mwenye kazi, mwenye mtoto, mwenye mzazi mgonjwa, anamaliza mara tatu hizo kabla muhula haujafika katikati.

Hapo ni mahudhurio tu. Kichwa chenyewe nacho hakipendi mkupuo. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Alikuta kwamba baada ya siku moja tu, takriban theluthi mbili ya ile kazi aliyotumia kukariri imeshapotea. Lakini ninayoishika zaidi ni hesabu yake nyingine: marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimsaidia sawa na marudio 68 aliyoyafanya yote kwa siku moja. Kichwa ni kilekile na silabi ni za aina ileile. Mwenye ratiba ya vipande vitatu anarudishwa kwenye somo kabla hajasahau, bila hata kujitahidi, kwa sababu ratiba inamfanyia kazi hiyo. Mwenye kipande kimoja anakuja Alhamisi akiwa na siku saba za kusahau mgongoni.

Sasa niwapange. Nawaandikia watu wenye kazi, kwa kuwa ndio wanaoniuliza.

Ya kwanza: jioni iliyogawanywa mara mbili kwa wiki

Dakika 90 Jumatatu, dakika 90 Jumatano, au siku nyingine zozote mbili zisizofuatana. Hii ndiyo naipenda na sioni haya kusema. Kosa jioni moja, umepoteza nusu ya wiki, na ndani ya siku chache umerudi darasani kumwuliza mwenzako walifika wapi. Dakika 90 baada ya kazi zinavumilika. Saa tatu hazivumiliki, na anayebisha nitamwonyesha daftari.

Usijitetee kwa kahawa. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe ulichokunywa saa moja usiku ili ufike mwisho wa kipindi, nusu yake bado iko nawe saa sita usiku kitandani, na asubuhi unaamkia kazi. Usingizi ndio wakati ambao ubongo huimarisha ulichojifunza, sasa unalipa kwa kuukosa.

Kama kuna jina moja ambalo kwangu ndilo kipimo cha masomo ya jioni, ni Birkbeck, chuo cha London. Ilianza mwaka 1823 kama taasisi ya mafundi, kwa ajili ya watu waliokuwa kazini mchana kutwa, ikafungua milango kwa wanawake mwaka 1830, na mwaka 1920 ikaingia Chuo Kikuu cha London. Ninachokipenda kwake ni kwamba jioni haikuwa makombo ya mchana. Eric Hobsbawm, mwanahistoria mkubwa kabisa, alianza kufundisha pale mwaka 1947 na akabaki kwa miongo mingi, akiwafundisha watu waliotoka ofisini. Na digrii ya kwanza ambayo kwa kawaida England huchukua miaka mitatu, kwa mwanafunzi wao wa jioni ilipangwa miaka minne. Huo ndio uaminifu ninaoutafuta. Chuo kimekubali wazi kwamba mtu mwenye kazi ana saa chache, kikanyoosha muda badala ya kumbana.

Linganisha na chuo kinachokuuzia digrii ya jioni kwa miaka ileile ya mchana. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, darasani na nyumbani kwa pamoja. Piga hesabu: saa 1,500 hadi 1,800. Gawa kwa wiki 40, unapata saa 37 na nusu hadi 45 kila wiki. Hiyo ni ajira ya pili kamili juu ya ile uliyonayo. Hata vipande vikiwa vizuri namna gani, mzigo huo haubebeki. Ukiona jioni na mchana zinamaliza mwaka mmoja, uliza kilichopunguzwa ni nini.

Ya pili: mchana uliokusanywa siku mbili au tatu

Kwa anayefanya kazi kwa zamu, au mwenye mwajiri anayekubali kubadilishana siku, hii ni nzuri kuliko watu wanavyoidhani. Mwalimu yuko ofisini, maktaba iko wazi, fundi wa maabara yupo. Lakini soma ratiba kwa makini, kwa sababu vyuo vingine hupata siku hizo mbili kwa kubandika saa tatu za somo moja pamoja, na hapo umeuziwa kasoro ileile ikiwa na jua nje. Ukikuta somo moja linatokea Jumanne na tena Ijumaa, chukua.

Ya tatu: mchana kamili, Jumatatu hadi Ijumaa

Ukiwa huna kazi, hii inapanda juu hadi ya kwanza na huna haja ya kusoma zaidi. Vipande ni vingi, mapengo ya kusahau ni mafupi. Nina neno moja tu kwa wazazi wanaowasukuma vijana kwenye vipindi vya saa mbili asubuhi wakiamini asubuhi ndiyo akili: saa ya mwili ya kijana huchelewa mpaka anapokaribia umri wa miaka 20, ndipo huanza kurudi nyuma. Anayesinzia saa mbili asubuhi huenda si mvivu. Kipindi cha saa nne kitamfaa zaidi.

Ya nne: jioni ya kipande kimoja

Ndiyo niliyoinunua, na ndiyo inayouzwa zaidi, kwa sababu ni rahisi kwa chuo: chumba kimoja, mhadhiri anakuja mara moja, nauli yake moja. Sitainunua tena.

Najua wengine hamna nyingine. Basi ikate mwenyewe. Usiku uleule, kabla ya kulala, andika bila kufungua daftari mambo matano uliyoyashika. Siku ya pili yake, dakika 30, fanya mifano miwili ya darasani ukiwa umefunika majibu. Siku tatu baadaye, dakika 30 nyingine, ukianza na lile lililokushinda. Hii nilianza kuifanya nilipolirudia somo langu, na safari hiyo nilifaulu na mhadhiri akiwa ni yuleyule. Pia tafuta mtu mmoja wa kikundi cha mchana mwenye somo hilohilo na mpatane mapema, si siku umeshakosa. Daftari lake ndilo akiba yako.

Chaguo nyingine nazo zipo: Jumamosi kutwa, ambayo ni kipande kimoja kirefu zaidi ya vyote, na masomo ya masafa. The Open University ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, imethibitisha kwamba masafa yanawezekana. Yanawezekana kwa mwenye nidhamu ya kujipangia vipande mwenyewe. Kama unayo, unajijua.

Sasa niseme linaloniuma. Kiatu unakijaribu kabla ya kulipa. Nguo unaishika, unaitazama mshono. Lakini ratiba ya muhula, ambayo ndiyo bidhaa yenyewe, unaambiwa utaiona ukishasajiliwa, na husajiliwi mpaka umelipa. Mimi nilionyeshwa kijitabu chenye picha ya mtu anatabasamu na kompyuta mpakato. Ratiba niliiona wiki ya kwanza ya masomo, imebandikwa ukutani. Kaka mmoja aliyeniandikia alilipia jioni, kisha akakuta vipindi vya maabara ni saa nne asubuhi na ni vya lazima. Alipouliza, akajibiwa kwamba neno "jioni" linahusu mihadhara. Saa za kumwona mhadhiri wangu mimi zilikuwa saa sita mchana, Jumanne. Maktaba niliichangia ada sawa na mwenzangu wa mchana, na nilipotoka darasani saa tatu usiku ilikuwa imeshafungwa. Huko ni kulipishwa huduma ambayo muuzaji anajua huwezi kuitumia, na vyuo vinapaswa kuona aibu.

Wakikunyima ratiba mpya, omba ya muhula uliopita, haibadiliki sana. Wakikunyima na hiyo, nenda kwenye jengo lenyewe saa kumi na mbili jioni ukaisome ukutani. Subiri mpaka saa tatu, mwombe mwanafunzi mmoja anayetoka akuonyeshe ukurasa wake wa mwisho wa usiku huo. Tazama mwandiko.

Dada aliyeniandikia alifanya hivyo juzi, akanitumia picha ya ratiba. Masomo manne yamegawanywa Jumatatu na Jumatano, vizuri kabisa. La tano, uhasibu wa gharama, limewekwa Ijumaa saa tatu mfululizo, na Ijumaa ndiyo siku anayochelewa kutoka kazini. Nimemwambia achukue nafasi, alipe, na uhasibu aombe kuusogeza mpaka muhula ambao utapangwa mara mbili kwa wiki, hata kama utamchelewesha kuhitimu.