macchanger kwenye Linux: nzuri ya kuangalia, si ya kutegemea

Ukinunua Kariakoo adapta za USB za waya wa mtandao, zile za bei ya chini zisizo na jina la maana, usishangae mbili zikiwa na anwani ya MAC moja, yaani namba ya utambulisho ambayo kila kadi ya mtandao hupewa kiwandani. Zichomeke kwenye swichi moja ya ofisi uone: kompyuta zote mbili zinakatika-katika, kwa sababu swichi inaiona anwani ileile mara tundu hili, mara lile, na rauta inazigawia IP moja. Waya mzima, bando lipo. Dawa ni kubadili anwani ya mojawapo, na wengi hukimbilia macchanger, programu ya Linux ya kubadili MAC.

Kuisakinisha ni `sudo apt install macchanger`. Ubuntu na Debian zitauliza kama anwani ibadilishwe yenyewe kila kadi inapowashwa. Jibu hapana.

Sifa yake kubwa ni `macchanger -s eth1` (eth1 ni jina la kadi): anwani ya sasa na ya kiwandani zinakaa juu na chini, pamoja na jina la kampuni. `-r` inatunga anwani ya kubahatisha, `-m` inaweka unayoitaka, `-p` inarudisha ya kiwandani. Kero ni kwamba haikuzimii kadi. Ukisahau kuizima, inakujibu kwamba ama kadi imewashwa ama huna ruhusa, sababu mbili kwenye ujumbe mmoja, na mgeni anaanza kuhangaika na sudo bure.

Na kwa kuwa kuzima utazima mwenyewe kwa `ip`, malizia kazi humohumo:

`sudo ip link set dev eth1 down`
`sudo ip link set dev eth1 address 02:1a:5c:40:00:01`
`sudo ip link set dev eth1 up`

Angalia hiyo 02 ya mwanzo. Tarakimu ya pili iwe 2, 6, a au e. Hizo ndizo anwani za kujipangia, hazigongani na zile ambazo IEEE, shirika la viwango, imewagawia watengenezaji. Ukiweka tarakimu witiri, mfano 03, umeandika anwani ya kundi, na kernel, kiini cha Linux, itaikataa kwa "Cannot assign requested address". Kwenye mfumo mwingine, FreeBSD, ni `ifconfig em0 ether` ikifuatiwa na anwani.

Ila macchanger na `ip` zote zina ugonjwa mmoja: ukiwasha upya kompyuta, mabadiliko yamekwenda. Kwa ofisi, iandike kwenye NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao ("Ofisi" ni jina la muunganisho):

`nmcli connection modify "Ofisi" ethernet.cloned-mac-address 02:1a:5c:40:00:01`

kisha `nmcli connection up "Ofisi"`. Kwa Wi-Fi ya mgahawa au hoteli tumia `wifi.cloned-mac-address stable`: kila mtandao unapata anwani yake isiyobadilika. Ukiweka `random`, ule ukurasa wa kuingizia namba ya simu utakurudia kila ukiunganisha. Kunakili MAC ya mteja wa meza ya jirani ni kurudia tatizo lile la swichi, mbali ya kuwa ni utovu wa adabu.

macchanger tunaipa nyota tatu kwa tano, na mbili kati ya hizo ni za `-s`.

Kibandiko chenye anwani mpya kiweke kwenye kompyuta, si kwenye adapta. Chipu haijaguswa, adapta ikihamia mashine nyingine inarudi na anwani yake ya kiwandani, na mkatiko unaanza upya.