Mwaloni Uliokatwa Kilele: uzoefu wangu wa kuchapishiwa nakala ya mchoro

Mwezi uliopita nililipa shilingi 160,000 katika duka moja la uchapaji hapa Kampala ili nichapishiwe kwenye turubai nakala ya mchoro wa Caspar David Friedrich, mchoraji Mjerumani, wa mwaka 1822, ule wa mti wa mwaloni uliosimama peke yake bondeni. Mchoro wenyewe umehifadhiwa katika jumba la sanaa la Alte Nationalgalerie mjini Berlin, nao una kimo cha sentimita 55 na upana wa 71, vipimo ambavyo niliviagiza bila kupunguza hata kimoja.

Nilipoifungua nakala yangu, mti haukuwa na kilele. Fremu iliyokuwapo dukani ilikuwa fupi, wakakata sentimita 10 za juu. Kijana wa pale alinijibu kwa adabu, “Mzee, pale juu palikuwa pakavu tu, tuliona panaharibu picha.”

Kumbe hapo pakavu ndipo nilipopalipia. Katika mchoro huo matawi ya chini ya mwaloni yana majani, na mchungaji ameegemea shina huku kondoo wakilisha, lakini kilele kimekufa na kuvunjika, na ni hicho kilichokufa kinachovuka mstari wa milima na kuingia mawinguni. Wapo wanaousoma kama alama ya uzee na kifo. Mimi huuona kama mkongwe aliyepigwa na dhoruba nyingi na bado anawapa wengine kivuli. Ukiondoa kilele, unabaki na picha ya kalenda. Aliyekulia Buganda hahitaji kufundishwa kwamba mti uliojeruhiwa bado huwafaa wengine, kwani mti wa mutuba huchunwa gome, ukafungwa majani ya mgomba, ukaota gome jipya, na nguo ya gome hilo ndiyo anayozikwa nayo marehemu.

Walikubali kuichapisha upya, ikachukua siku nne, nami nikalipia fremu mpya tu. Turubai ni nzito na limewambwa vizuri, na mnara wa kanisa ulio mbali unaonekana wazi. Kasoro iliyobaki ni wino, kwa sababu sehemu za giza zimezidi kuwa nyeusi. Nitarudi kwao, ila safari ijayo nitaandika vipimo kwenye risiti na kuomba kuona picha kwenye kompyuta kabla haijachapwa.

Kilele sasa kipo chote, lakini mchungaji haonekani mpaka jua la asubuhi lipige ukutani.