Kurasa 16 za Theseus walizotunyima

Sitazunguka. Msinunue vitabu kwenye duka lile. Jina lake silitaji, na kitabu chenyewe sikitaji kwa sababu waliokiandika hawajanikosea kitu, lakini kama unakaa Dar na una mtoto mpenda kusoma, yaelekea umeshapita mlangoni pao.

Ilikuwa likizo, mwezi uliopita au ule wa kabla yake. Nilimnunulia binti yangu hadithi ya utoto wa Theseus. Ni vile vitabu vinavyomchukua shujaa wa Ugiriki ya kale kabla hajawa shujaa, akiwa bado anatumwa maji na kugombezwa, na kumtungia vituko vya umri huo. Kiko kwa Kiingereza. Yeye husoma mchana, akikwama ananiuliza, na jioni nikiwa napika ananisimulia kwa Kiswahili. Nilitoa shilingi 25,000, na kwa siku nne za kwanza niliona ni pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka huu.

Kuna mahali Theseus ana miaka saba. Heracles, yule shujaa mwenye nguvu, amekuja kula kwa babu yake Theseus, Pittheus, mfalme wa Troezen, na kabla ya kukaa amevua ile ngozi yake ya simba akaibwaga pembeni. Watoto wa mjini wanaingia mbio, wanamwona simba, wanatawanyika huku wanapiga mayowe. Theseus anampokonya mtumishi shoka na kumwendea simba peke yake. Nilidhani wameitunga wao. Kumbe ni ya kale, aliiandika Pausanias, yule msafiri wa Kigiriki wa karne ya 2. Binti yangu alinisomea pale mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ya shoka.

Sasa mwamba. Aegeus, mfalme wa Athens, alipoondoka Troezen alimwacha Aethra, binti Pittheus, ana mimba ya Theseus. Alificha upanga na viatu vyake chini ya mwamba, akamwambia: ukizaa mtoto wa kiume akaweza kuunyanyua, mpe alichokikuta chini, aje kwangu kimyakimya. Kitabu kizima kinaelekea hapo. Kila mwaka kijana anakwenda na kipande cha mkaa, anachora mstari kwenye mwamba usawa wa bega lake, anasukuma, anashindwa, anarudi nyumbani na mikono iliyochubuka. Mama yake anaona mikono ile na hasemi. Mimi nalea peke yangu, na Aethra alinishika kuliko Theseus. Huyu mama anajua kwamba siku mwamba ukinyanyuka ndiyo siku mwanawe anaondoka, na bado ni yeye aliyempeleka akauone.

Ukurasa wa 144: bega liko kwenye mwamba, mama amesimama nyuma ameshika taa. Sentensi ya mwisho haina hata nukta, inaendelea ukurasa unaofuata.

Ukurasa unaofuata ni wa 161. Theseus yuko njiani. Ana upanga kiunoni, anatembea vibaya, anasimama kuchomeka majani ndani ya viatu. Binti yangu alinijia na kitabu kikiwa wazi, akauliza, "Mama, ameunyanyuaje?"

Nikajua kilichotokea. Kitabu hushonwa kwa mafungu, karatasi kubwa imechapwa na kukunjwa hadi inatoa kurasa 16, na fungu moja halikuwekwa. Mashine hukosea, sina ugomvi na hilo. Duka pia halikuwa limekosa kitu mpaka hapo, maana nani anahesabu kurasa za kila kitabu? Nilikwenda Jumamosi nikiwa na moyo mweupe kabisa, na mtoto nikaenda naye.

Aliyekuwepo ni kijana. Nikamsalimia, nikamwonyesha 144, nikamwonyesha 161. Akachukua kitabu, akakipapasa kama anapima kitambaa, akasema kikishauzwa hakirudi. Nikamwambia sitaki pesa, nataka nakala nyingine. Hawana. Basi agizeni. Haagizi moja. Akanigeuzia kitabu, akaweka kidole kwenye ukurasa wa 161, akasema, "Mama, si huyu hapa kavaa viatu? Upanga si huu hapa? Basi kashanyanyua. Unataka nini tena?"

Nikasema mtoto anataka kujua ameunyanyuaje.

"Hiki cha watoto tu, mama. Watoto wala hawaangalii hizo namba."

Wateja wawili wakacheka. Alisema hivyo mbele ya mtoto aliyekuwa ameziangalia hizo namba. Mtoto ndiye aliyegundua! Mimi ningesoma nusu ya ukurasa wa 161 ndipo nishtuke.

Ndani ya daladala binti yangu alikaa kimya mpaka karibu na kushuka, kisha akaniambia, "Labda hakunyanyua. Labda alipewa tu."

Hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe yule kijana. Kila mtu aliyewahi kusikia jina la Theseus anajua kwamba atafika Athens, atakwenda Krete, atamuua Minotaur, lile dubwana nusu mtu nusu fahali. Mwisho wake una zaidi ya miaka elfu mbili, hakuna siri pale. Mtoto anaposoma utoto wa Theseus anatafuta jambo moja tu, jinsi mtu wa kawaida, mwenye bega lisilofika kwenye mstari, anavyofika kwenye mstari. Ukikata kurasa hizo umemwachia mtoto wa mfalme aliyeokota upanga.

Usiku ule nikajaribu kuziba pengo mwenyewe. Nikatafuta kwenye simu wakale wanasemaje. Pausanias anasema alikuwa na miaka 16 alipousukuma mwamba. Plutarch, mwandishi mwingine wa Kigiriki wa kale, ndiye aliyenivunja moyo: kwake Theseus anaweka bega na kuunyanyua kwa urahisi, basi, sentensi inapita. Halafu anakataa kwenda Athens kwa meli, ingawa bahari ndiyo njia salama na mama na babu wanamsihi, anashika njia ya nchi kavu ambako wanyang'anyi wamejaa, Sinis anayefunga watu kwenye misonobari iliyopindwa, Procrustes anayewanyoosha au kuwakata watu walingane na kitanda chake. Nikamsomea. Akasema, "Kwa urahisi? Na mikono yote ile iliyochubuka?" Sikuwa na jibu, na nikaanza kukikasirikia kitabu chenyewe. Nikawaza labda waandishi nao hawakujua, labda kurasa zile hazina kitu, jiwe limenyanyuka kama mlango. Niliandika hapa maneno makali juu ya kitabu na namshukuru Mungu sikuyatuma.

Kwa sababu mdogo wangu anayeishi Leicester, Uingereza, alikwenda maktaba ya mtaani kwao, akakikuta, akatupigia picha kurasa zote 16. Zilikuja usiku, moja moja, kwenye picha ya ukurasa wa 150 kidole gumba chake kimefunika neno. Tulisoma kitandani simu ikiwa katikati yetu.

Hakuunyanyua kwa urahisi. Alishindwa mara mbili usiku uleule. Mara ya pili mama yake aliweka taa chini, na Theseus akadhani anakuja kumsaidia akamwambia asimguse. Aethra hakuja kumsaidia. Alikwenda kwenye ile mistari ya mkaa, akaanza kuifuta moja moja kwa upindo wa nguo yake, kuanzia wa chini kabisa, akimtajia umri wake kila anapofuta. Alipofika kwenye wa mwisho mwamba ulikuwa umeshaondoka. Na viatu vilivyokuwa chini vilikuwa vya baba, vikubwa mno. Kijana akavivaa hivyohivyo. Mama akapiga magoti akamfunga kamba, akazungusha mara mbili kifundoni kwa sababu mguu ulikuwa mdogo.

Ndiyo maana kwenye ukurasa wa 161 anatembea vibaya! Ndiyo sababu ya yale majani! Binti yangu aliruka kitandani. "Si huyu hapa kavaa viatu," yule kijana alisema, na kidole chake kilikuwa juu ya neno lenyewe.

Kwa hiyo nibadilishe nilichosema. Kinunueni kitabu hiki, na vya wenzake, kuna cha Atalanta anayenyonyeshwa na dubu mlimani baada ya baba kumtupa kwa kuwa alitaka mtoto wa kiume, tayari nimeshakiwekea pesa. Kitabu nakipa nyota zote. Nunueni popote, ila mkiwa bado mko dukani fungueni mhesabu kurasa, na muuzaji akinuna mwacheni anune. Kuhusu duka lile sijui tena niseme nini. Niliapa sitakanyaga pale. Lakini binti yangu amechapisha zile picha stationari, rangi nyeusi, shilingi mia mia, amezipanga na kuzibana katikati ya 144 na 161, na kwa siku tatu sasa ananiuliza tutarudi lini dukani, kwa sababu yule kaka hajui ilikuwaje na yeye anataka amsomee.

Nimemwambia Jumamosi.