Kwenda Jambur na Kurudi: Tathmini ya Usafiri

Jambur ni kijiji kidogo karibu na mji wa Talala, wilaya ya Gir Somnath, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, na wengi wa wakazi wake ni Wasidi, wazawa wa Waafrika waliovushwa bahari vizazi vingi vilivyopita. Mswahili anayekwenda kusikiliza goma yao, ambayo jina lake halihitaji mkalimani, atataka kwanza kujua atafikaje. Hilo ndilo ninalolitathmini hapa, kutokana na safari niliyoifanya mwezi Mei.

Treni ya usiku kutoka Ahmedabad ilinishusha Junagadh alfajiri, bila la kulalamikia. Kutoka hapo nilipanda treni ya abiria iendayo Talala kwa njia yenye upana wa mita moja, upana uleule wa reli kongwe ya Tanzania, nayo hupita katikati ya msitu wa Gir polepole kwa sababu ya simba. Mwendo huo sikuuhesabu kuwa kasoro: madirisha yako wazi, nauli ni ndogo, na abiria hugawana karanga na watu wasiowajua. Simba wa Gujarat walihesabiwa mwaka 2025 wakawa 891. Binadamu wa India walihesabiwa mara ya mwisho mwaka 2011, na sensa inayofuata imepangwa 2027. Kwa hiyo takwimu yoyote rasmi ya idadi ya watu wa kijiji utakayoikuta imeachwa nyuma na watoto wanaokaribia kumaliza shule ya msingi.

Kutoka Talala usafiri ni chhakda, chombo cha magurudumu matatu chenye uso wa pikipiki na mgongo wa kigari cha mizigo, ambamo abiria hukaa wakitazamana, magoti yakigusana. Chombo hakina saa ya kuondoka, huondoka kikijaa. Msimu ule wa maembe ya Kesar, kreti zilijaa kabla ya watu, nami nikasafiri mguu mmoja ukining'inia nje, harufu ya embe bivu ikipigana na moshi wa dizeli. Dereva alinisemesha Kigujarati mfululizo, akinidhania mwenyeji, hadi nilipobaki nimekodoa macho. "Bhai, wewe si wa Jambur?" akauliza kwa Kihindi, na chombo kizima kikacheka. Nauli aliyonitoza ilikuwa ileile ya wenzangu, jambo ambalo mgeni hapaswi kulichukulia kuwa la kawaida.

Barabara yenyewe ni nzuri. Ikumbukwe kwamba mpango wa taifa wa barabara za vijijini, ulioanza Desemba 2000, ulipanga kuyafikia makazi yenye watu 500 na kuendelea katika tambarare, na 250 katika milima, majangwa na maeneo ya makabila, kiasi kwamba kuhesabiwa vizuri kulikuwa sawa na kupata njia. Lakini lami haileti gari. Kijiji chenye watu wachache hakijazi chombo mara nyingi kwa siku, na hapo ndipo huduma hii inapoyumba.

Nilikaa kwenye dargah, yaani ziara ya kaburi la walii, ya Nagarchi Pir hadi magharibi, nikiwa nimehakikishiwa na dereva mmoja kwamba angerudi kunichukua. Hakurudi. Barabarani palikuwa na mbwa wawili na mama mmoja anayesubiri mwanawe, aliyenionyesha kwa ishara ya mkono kwamba vyombo vimekwisha. Hatimaye nilikodi bajaji peke yangu na kulipa mara kadhaa ya nauli ya asubuhi.

Kwenda naupa usafiri huu nyota nne kati ya tano, kurudi, mbili. Atakayekwenda aondoke kijijini kabla ya alasiri kumalizika, awe na noti ndogondogo, na kama ni Mei, akubali kukaa juu ya kreti.