Bomba la PEX-a au la PEX yenye alumini: lipi lilazwe sakafuni?

Kwa sakafu ya zege inayopashwa joto na maji ya moto yapitayo bombani, kama zilivyo nyingi Ujerumani, chagua PEX-a (bomba la plastiki lisilo na alumini) ya milimita 16 yenye tabaka la kuzuia oksijeni. Inapinda kwa urahisi hata baridi ikikaza, na ikikunjika, joto la bunduki ya hewa ya moto huirudishia umbo. PEX yenye alumini (plastiki yenye tabaka la alumini katikati) ikikunjika imekwisha: kata, anza upya, kwa sababu kiungio hakifai kuzikwa ndani ya zege.

Chini ya mbao mambo hugeuka. Joto la maji likiongezeka kwa nyuzi 30, mita 10 za PEX-a hurefuka karibu sentimita 6. Yenye alumini haifikishi hata sentimita moja, basi sakafu hailalamiki kwa milio usiku. Pia bomba hilo hubaki ulivyolipinda. Ila mdomo wake lazima usawazishwe kwa kifaa chake kabla ya kuunga, la sivyo ncha kali hukata pete ya mpira na maji huvuja.

Bomba lisilozuia oksijeni usiliguse: oksijeni hupenya hadi kwenye maji, na boila na pampu za chuma zitaota kutu.

Chumba cha mita 20 za mraba, kwa nafasi ya sentimita 15 kati ya mistari ya bomba, hula takriban mita 135 za bomba. Zigawe katika mizunguko miwili, na uache presha ndani ya mabomba wakati wa kumwaga zege.