Kuiboresha Dell OptiPlex 7010 kidogo kidogo: uzoefu wangu

Steshenari yangu hapa Dar es Salaam inaendeshwa na kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 7010, ile ya kasha kubwa. Naitumia kuchapa barua, kuandaa picha za pasipoti na kuwajazia wanafunzi maombi ya mkopo mtandaoni. Ni toleo la mwaka 2012, prosesa yake (ubongo wa mashine) ni Intel Core i5-3470, na niliinunua ikiwa na RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na diski ya kawaida ya GB 500. Kununua mpya kwa mkupuo siwezi, kwa hiyo naiongezea kifaa kimoja kimoja kadiri fedha inavyopatikana. Mwenye fedha ya kifaa kimoja tu, nakushauri anza na SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi. Vingine vyote vingoje.

Nilichukua SSD mpya ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski), GB 240, pale Kariakoo. Zamani nikiwasha mashine naweza kufagia kibaraza chote na bado inajivuta. Sasa sijakaa vizuri kwenye kiti imeshafunguka. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono unaohangaika kutafuta mafaili, wakati SSD haina kitu kinachozunguka wala kuhangaika. SSD yoyote ya SATA ya inchi 2.5 inakubali. Zile nyembamba za NVMe (aina nyingine ya SSD) ziacheni hata muuzaji asifie kasi yake vipi, kwani BIOS ya 7010, yaani programu ya ndani inayoiamsha mashine, kwa kawaida haiwashi mfumo kutoka humo. Diski ya zamani nimeibakiza ndani, natunzia kazi za wateja.

RAM ikafuata, na hapa panahitaji macho. Mashine hii inatumia RAM ya aina ya DDR3, ina nafasi nne, na inabeba hadi GB 32. Soma lebo ya kipande kabla hujatoa hela: PC3-12800U ndiyo yenyewe. Ukiona herufi R mwishoni, hiyo ni ya seva. Bei yake inavutia sana lakini haitafanya kazi humu. RAM iliyotumika siiogopi, mradi muuzaji aichomeke na kuiwasha mbele yangu. SSD iliyotumika siigusi, maana huchakaa kwa kuandikiwa data, na hujui imeandikwa mara ngapi. Nimeongeza GB 4 zikawa 8, na sasa programu ya picha na Chrome vinafunguka pamoja bila kustaki.

Cha bei ndogo kuliko vyote ni betri ya saa, CR2032. Ikifa, ukizima mashine umeme ukutani tarehe inarudi nyuma miaka, na tovuti zinagoma kufunguka kwa sababu vyeti vya usalama havilingani na tarehe. Wengi hapo hulaumu bando. Siku ya kuibadilisha, mwambie fundi apulize vumbi na kupaka upya dawa ya joto ya prosesa. Feni ya mashine yangu ilitulia siku hiyo hiyo.

Fundi alinishauri nipandishe prosesa hadi i7-3770. Ingekaa, soketi (tundu la kuichomekea) ni moja na zote ni wati 77. Nilikataa. Zote mbili zina koa nne, yaani vitengo vinne vya kufanya kazi ndani ya prosesa. I7 inaongeza tu uwezo wa kushika kazi nane kwa pamoja, na hilo atalifaidi mhariri wa video. Barua ya kuomba kazi haitaharakishwa na i7.

Kuhusu Windows: Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hii haimo kwenye orodha yao ya prosesa zinazokubalika kwa Windows 11. Nimeweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na mtu mwenye kazi kama yangu namshauri kwanza aijaribu kwa flashi bila kusakinisha, aone printa na skana zinatambuliwa. Zangu zilikubali. Fedha itakayofuata inakwenda kwenye UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, maana umeme unaokatika ghafla unaweza kuharibu mafaili hata yaliyo kwenye SSD.